Hiyo chenji ni ya nani?

Haya wandugu, nimerudi. Wiki tatu zimepita bila neno kwa sababu mnazozijua wenyewe: testi mbili, asaimenti ya saikolojia ya elimu ambayo kundi letu lina watu wanane na wanaoandika ni wawili, na maji ambayo yameamua kwamba ghorofa ya tatu si sehemu ya chuo. Leo nina jambo linaniwasha ulimi. Nataka tuongee kuhusu bakshishi. Ndiyo, tipu. Ile hela unayomwachia mhudumu ukishakula.

Msicheke kwanza. Najua kuna atakayesema mwanafunzi na bakshishi wapi na wapi. Lakini bumu likitoka hapa hakuna tajiri kama mwanafunzi. Nendeni migahawa ya nje ya geti siku tatu za mwanzo mjionee. Mtu aliyekuwa akila wali maharage bila mboga ili aokoe mia tatu anaagiza nusu kuku na ndizi, soda mbili, halafu mwisho anatamka kwa sauti ya kusikika meza nne: "Dada, chenji baki nayo!" Wiki ya sita huyo huyo anamsimamia dada huyo huyo kichwani akidai mia mbili yake. Simlaumu. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na humo humo uishi. Hiyo ni kwa aliyepata mkopo. Asiyepata anajua mwenyewe anavyoishi.

Ubishi ulianzia chumbani kwetu. Tuko wanne. Mmoja anasema kutoa bakshishi ndiyo ustaarabu, Wazungu wanatoa asilimia ishirini, sisi tunaona uchungu kuacha mia tano kwa kuwa ni washamba. Wa pili anasema mhudumu ana mshahara, kumpa tena ni kumlipa mtu mara mbili kwa kazi moja. Wa tatu, ambaye ndiye mcheshi wetu, anasema yeye anatoa kama mhudumu ni kijana mtanashati. Wakanigeukia mimi, kwa sababu wanajua likizo ndefu ya mwaka wa kwanza nilivaa aproni katika mgahawa mmoja mjini (jina naliacha) kwa miezi miwili na nusu. Nikawaambia wote watatu hawajajua wanabishania nini. Wakanizomea, ndiyo maana nimekuja kumalizia huku ambako hakuna wa kunikatiza.

Msimamo wangu ni huu. Bakshishi ni asante, inatoka kwa aliyehudumiwa kwenda kwa aliyehudumu, kazi ikiwa imeshaisha. Basi. Ikishatoka mkononi mwa mteja ni ya mhudumu, na haina deni nyuma yake. Tatizo letu kubwa si kwamba tunatoa kidogo. Tatizo ni kwamba hiyo hiyo kidogo inaibwa, na wezi wake wakubwa ni wawili: bosi wa mhudumu, na mteja mwenyewe aliyeitoa. Siku hizi simu nayo imeingia, ingawa yenyewe haina nia mbaya.

Kabla sijawafikia wezi, nisemezane kidogo na wale wanaodhani bakshishi ni uzungu. Neno lenyewe ni la Kiajemi, likapita Uarabuni, likashuka kwetu na majahazi, na maana yake tangu huko ni kupewa zawadi. Waswahili walikuwa na methali ya chanda chema huvikwa pete kabla hatujaona menyu ya karatasi. Kwa hiyo kumpa kitu aliyekutendea vizuri si la kufundishwa na mgeni. Tulichokosea sisi ni kuchanganya. Tuna "chai", tuna "kitu kidogo", tuna "ya soda", na zote zinatamkwa kwa tabasamu lile lile. Mnakumbuka habari ya takrima? Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu wagombea "kuwakirimu" wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoitupa nje Aprili 2006 kwamba ni kinyume cha Katiba. Wengi wetu tulikuwa hatujaanza chekechea, lakini tumeisoma, na mimi naipenda kwa sababu inanisaidia kupima. Kinachotolewa kabla ili nipendelewe ni rushwa, hata ukiipa jina la ukarimu. Kinachotolewa baada, kwa kilichokwisha kufanyika, ndiyo bakshishi. Ukimpa mhudumu elfu mbili ukiingia ili meza yako itangulie mbele ya watu kumi waliokutangulia kuagiza, hujamtipu, umewaibia wale kumi.

Sasa twende kwa bosi.

Siku ya kwanza kazini meneja alitupanga mstari, tukiwa mabinti watano na kijana mmoja, akatueleza: kuingia saa tano asubuhi, kutoka saa tano usiku, malipo shilingi 5,000 kwa siku, "na mengine mtajiongeza kwa wateja." Nataka muisome tena hiyo sentensi ya mwisho. Mtajiongeza kwa wateja. Nilidhani ni maneno ya kututia moyo. Baada ya wiki nikaelewa kwamba ule ndio mkataba wenyewe.

Pigeni hesabu, hizi ni za darasa la nne tu. Saa tano usiku daladala za kwangu zimeisha. Bodaboda mpaka nyumbani kwa shangazi ni 3,000. Asubuhi nauli ya daladala 700. Katika 5,000 imebaki 1,300, na bado hujanunua sabuni ya kufulia aproni. Yaani nilikuwa nafanya kazi saa kumi na mbili ili nilipwe nauli ya kwenda kufanya kazi. Kilichonifanya nirudi kesho yake ni bakshishi. Jumamosi nzuri ningeweza kupata 8,000, hata 10,000. Jumatatu ya mvua 1,500. Kuna Jumanne moja nilipata sifuri nikatembea na dada wa jikoni tukiwa tumeshikana mikono kama wanafunzi wa shule ya msingi, kila pikipiki ikipunguza mwendo tunaongeza wa kwetu.

Huyo mwenzangu anayesema bakshishi ni kumlipa mtu mara mbili, nadhani sasa anaona. Ingekuwa mara mbili kama ya kwanza ingelipwa.

Na juu ya hapo kulikuwa na makato. Glasi ikivunjika, unakatwa. Sahani, unakatwa. Mteja akitoroka na bili, aliyemhudumia analipa bili yote, bia zake, nyama yake na vijiti vya meno alivyochokolea. Dada mmoja alilipa meza ya vijana watatu wa 46,000 kwa siku kumi na mbili. Hakuandikiwa chochote, alikuwa anaambiwa kila jioni "bado".

Nilivyorudi chuo nikaenda maktaba kuitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa hasira tu. Kifungu cha 28 kinasema mwajiri hawezi kukata mshahara kwa hasara mpaka iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo, amweleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, ampe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya malipo yake. Robo! Sisi tulikuwa tunakatwa siku nzima nzima. Wanaosoma sheria humu chuoni watanirekebisha kama nimesoma vibaya, ila sidhani. Nawaandikieni hili kwa sababu najua likizo ijayo wengine wenu mtavaa hizo aproni. Namba ya kifungu ni 28, iandikeni nyuma ya daftari.

Kwa hiyo bosi anaiba vipi bakshishi wakati hakuishika? Anaiba kwa kuihesabu. Akishajua unapata kwa wateja, anaitoa kwenye mshahara wako kichwani mwake. Mteja anadhani amempa dada zawadi, kumbe amemsaidia mwenye mgahawa kulipa wafanyakazi. Na wako wanaoishika kweli. Pale kwetu palikuwa na kopo la bakshishi kaunta, limeandikwa vizuri kwa maua, ufunguo anao meneja. Miezi miwili na nusu sikuwahi kuliona likifunguliwa mbele ya watu.

Hapa ndipo namgeukia yule mwenzangu wa "Wazungu wanatoa asilimia ishirini". Wazungu gani? Ni Wamarekani hao. Na Wamarekani hawakufika hapo kwa ustaarabu. Desturi hii matajiri wao waliokuwa wakisafiri Ulaya waliileta karne ya 19, na baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuisha mwaka 1865, watu weusi walipotoka utumwani, waajiri wakaona njia: waajiri kwa mshahara wa kuchekesha, kilichobaki wakiombe kwa wateja. Maarufu zaidi ni kampuni ya mabehewa ya kulala ya Pullman, iliyojaza wahudumu weusi waliotegemea bakshishi za abiria. Mwaka 1925 wakaanzisha chama chao kikiongozwa na A. Philip Randolph, wakapigana miaka kumi na miwili mpaka 1937 ndipo kampuni ikasaini mkataba nao. Kulikuwa na Wamarekani wenyewe walioiona desturi hii ni ya kudhalilishana. Jimbo la Washington liliipiga marufuku kwa sheria mwaka 1909, majimbo mengine machache yakafuata, lakini kufikia 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa.

Matokeo yake mpaka leo? Sheria ya taifa lao inaruhusu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, wakati kima cha chini cha wengine kitaifa ni dola 7.25. Bakshishi ndiyo inatakiwa izibe pengo, na isipoziba mwajiri ndiye aongeze. California na majimbo mengine kadhaa yamekataa, huko mhudumu analipwa mshahara kamili kwanza. Lakini mnaona? "Mtajiongeza kwa wateja" ya meneja wangu, wenzetu wameiandika kuwa sheria. Ndiyo maana ukila kule usipoacha kitu unaonekana mwizi, kwa sababu kweli umekula jasho la mtu. Hiyo asilimia ishirini ni mshahara ambao mwajiri amemkwepa mfanyakazi wake akamtupia mteja mzigo. Tusiutamani.

Ufaransa wao tangu 1987 bei ya kwenye menyu ni lazima iwe na huduma ndani yake, ukiacha sarafu mezani umeacha kwa kupenda. Japani usiache kabisa, atakufuata nje akurudishie akidhani umesahau. Na Uingereza walitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2024, kwamba bakshishi yote ni ya wafanyakazi, mwajiri haruhusiwi kumega hata senti. Hii ya mwisho ndiyo ningeomba tuige. Kopo lenye maua halingekuwa na ufunguo mmoja.

Mwizi wa pili anakuuma zaidi kwa sababu anakupa huku akichukua.

Kaka zangu wa chuo hiki, na nyie baba zetu mnaotusoma, nisikilizeni bila kukasirika. Mnapotoa bakshishi, nusu yenu mnaweka rehani. Nimeshahudumia vya kutosha, najua. Kuna anayetoa elfu moja akaondoka, huyo Mungu ambariki. Kuna anayetoa elfu tano, halafu hauachii mkono wako. Kuna anayeagiza "na wewe chukua unachokunywa", na ukikataa anakasirika kana kwamba umemtukana ukoo. (Hiyo ofa, kwa taarifa yenu, wadada wengi hawainywi. Inabaki kaunta, usiku inageuzwa hela. Kwa hiyo ukiona dada amekubali bia ya sita na bado anatembea wima kama askari wa gwaride, usishangae.) Na kuna aliyetoa Ijumaa, Ijumaa inayofuata anataka ukae mezani kwake wakati una meza saba, ukisema una kazi anakujibu: "Wiki iliyopita si nilikuona lakini?"

Nilikuona! Kwa lugha ya mjini maana yake nilikupa. Yaani ile elfu tano niliyolipia boda nikafika nyumbani salama, kumbe ilikuwa arubuni.

Mama mmoja wa jikoni, mtu mzima, alinifundisha siku ya tatu tu: "Mwanangu, hela ya mteja pokea kwa mikono miwili na trei katikati." Trei katikati! Nilicheka, baadaye nikaiona hekima yake. Trei inaonyesha wewe uko kazini. Hata sasa nikienda kula mahali naiweka hela kwenye kile kitabu cha bili au sahani, nasema asante, naondoka. Simtafuti mtu macho.

Sasa simu. Hili nadhani ndilo hamjaliwaza, na ndilo limenifanya niandike leo badala ya kusoma kwa ajili ya testi ya kesho kutwa.

Zamani, na zamani yenyewe si mbali, bakshishi ya Mtanzania ilikuwa chenji. Hatukuwa na utaratibu wa kupiga asilimia. Bili ni 8,500, unatoa noti ya elfu kumi, dada anarudi na 1,500, unachukua elfu unaacha mia tano, au unaacha yote. Uamuzi unafanyika pale pale hela ikiwa mezani, inakutazama. Mkono unakuwa mwepesi. Lipa Namba ilipoingia, chenji ikafa. Unapiga 8,500 kamili, ujumbe unaingia kwenye simu ya kaunta, unanyanyuka. Hakuna aliyekusudia kumnyima mtu. Hela haikupita mezani tu. Dada ninayemjua, ambaye bado yuko kwenye kazi hiyo, ananiambia siku ambazo meza zote zinalipa kwa simu anarudi na pesa ya siku peke yake. Wengine kwa nia njema wanazidisha, bili 8,500 wanatuma 10,000 na kusema "hiyo nyingine yako". Ndugu yangu, imeenda kwa bosi hiyo. Lipa Namba ni ya biashara. Usiku mhudumu akienda kudai 1,500 yake kaunta anaulizwa ushahidi, na mteja ameshalala.

Halafu linakuja suluhisho ambalo ni baya kuliko tatizo: "Nipe namba yako nikurushie."

Mnaona linavyokutana na lile la juu? Hela ya asante sasa haiwezi kumfikia mpaka atoe namba yake ya simu kwa mtu asiyemjua. Na kwa kuwa laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, mtumaji akiandika namba linamtokea jina lako, la kwako na la ukoo. Nilitoa mara moja kwa mzee mmoja mpole wa makamo ambaye alikuwa ananiita binti yangu muda wote wa supu. Aliniwekea 2,000. Saa sita kasoro usiku ujumbe: "Ulifika salama?" Kesho yake: "Mbona hata kupiga kunishukuru hujapiga?" Keshokutwa akaandika jina langu lote, akauliza kama mimi ni wa Marangu au Machame. Nikamwekea kizuizi, akaja mgahawani kumlalamikia meneja kwamba nina dharau, na meneja akaniambia mimi niombe radhi kwa sababu mzee ni mteja wa siku zote. Elfu mbili.

Wenzangu waliokaa muda mrefu wana laini ya pili, ya wateja tu, simu ya batani, inazimwa wakitoka kazini. Hebu fikirini mtu analazimika kununua simu ya pili ili aweze kuambiwa asante.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea utaratibu, na naupendekeza kwa yeyote. Nikienda kula mahali pa kuhudumiwa nabeba noti mbili tatu za mia tano au elfu, hata kama nitalipa kwa simu. Bili naituma kamili kwa biashara, asante naiacha kwa mkono, kwenye trei. Sipigi asilimia. Nikiwa na mia tano ni mia tano, na mwisho wa mwezi kama sina ninamwambia dada asante kwa jina lake lililoandikwa kwenye kibandiko cha aproni, nakusanya sahani pamoja, nimemaliza. Sina deni naye na yeye hana deni nami.

Na tusiishie kwa wenye aproni za rangi. Nani kati yetu ameshampa kitu yule binti anayeosha vyombo kwa mama lishe wetu nyuma ya bweni? Yule anayeinama kwenye beseni tangu saa kumi na moja alfajiri, anabeba ndoo za maji kutoka bombani, na sisi tunamwita "wee, leta kijiko"? Mbele ya mhudumu wa mgahawa wenye viyoyozi tunaona aibu kutoacha kitu, mbele ya huyu tunagombania mia moja ya chenji. Tunatoa tunapoonwa. Kwetu Moshi wapagazi wa mlimani wana desturi ambayo naipenda: mwisho wa safari wageni hukusanyika na timu nzima, kiasi kinatajwa mbele ya wote, kiongozi ni hiki, mpishi ni hiki, mpagazi kila mmoja ni hiki. Inatajwa hadharani kwa sababu wamejifunza kwa uchungu kwamba ikipita mkononi mwa mtu mmoja inafika chini ikiwa imekonda. Hata mlimani wako wanaolipwa kidogo kwa kisingizio cha bakshishi, sijasema ni peponi. Lakini angalau aliyebeba hema anajua aliyepanda ametoa ngapi. Mgahawani mpishi na muosha vyombo hawajui kitu, na chakula ulichokisifia alikipika mpishi.

Najua kuna swali mtaniuliza: je, huduma ikiwa mbovu? Umekaa dakika arobaini, dada yuko kwenye simu, chipsi zimekuja baridi. Usitoe. Asante hailazimishwi, na mimi siungi mkono kumpa mtu kwa kumwonea huruma tu. Ila kabla hujanuna angalia kwanza kama ana meza nne au kumi na nne, na kama kuchelewa ni kwake au ni kwa jikoni yenye jiko moja. Mara nyingi ni jikoni. Na jikoni tatizo ni bosi ambaye hajaongeza mpishi.

Yule mwenzangu wa asilimia ishirini ameshasoma rasimu hii kwenye simu yangu, anasema bado sijamshawishi, kwamba watu wakizoea kutoa sana mabosi wataona aibu wenyewe. Nimemwambia aje afanye kazi miezi miwili kwa meneja wangu wa zamani kisha anionyeshe hiyo aibu ilipo. Mcheshi wetu anasema yeye bado ni wa vijana watanashati, ila sasa atatumia trei.

Mwenye hoja tofauti aiandike hapo chini, hasa waliowahi kufanya kazi hizi Arusha na Zanzibar kwenye hoteli za watalii, nasikia huko mambo ni mengine na wengine wanapokea kwa dola. Mimi nadaiwa kurasa sita za maendeleo ya mtoto kabla ya Alhamisi, na maji yametoka sasa hivi, nakimbilia ndoo.